Kupima Ardhi kwa Umeme Kabla ya Kuchimba Kisima: Mwongozo Kamili kwa Magharibi mwa Kenya na Nakuru

Kwa muda sasa nimekuwa nikiletewa karatasi za vipimo kutoka Seme, Ahero, Mbale, Butere na hata Njoro. Wanaozileta ni vijana waliomaliza chuo, mafundi wa maji, na wenyekiti wa kamati za maji ambao kisima chao kimetoka kikavu na wanataka kujua kosa lilikuwa wapi. Makosa ni yale yale. Mashine ilikuwa nzima na hesabu nyingi zilikuwa sawa, lakini vigingi vya chuma vinavyoingiza umeme havikushika ardhi, laini (mstari wa waya na vigingi) ilipita kando ya ua wa seng'enge, na mwishowe mtu akaona namba ndogo akasema, "Hapa kuna maji."

Mashine haioni maji. Inapima jambo moja tu: umeme unapita kwa shida kiasi gani katika udongo na mwamba. Shida hiyo ndiyo ukinzani, na kwa ardhi tunaiandika kwa omu-mita: namba ndogo, umeme unapita kirahisi. Maji huurahisishia umeme njia, ndiyo, lakini udongo wa mfinyanzi nao huurahisishia, chumvi vile vile, na joto pia. Omu-mita 15 zikisomwa Kano ni habari moja, zikisomwa chini ya Menengai, volkano ya Nakuru, ni habari nyingine kabisa. Ukikosa kuijua ardhi unayoisimamia, namba haitakuokoa.

Hapa nafuata njia moja: kupima kwa kwenda chini kwa elektrodi nne, yaani vigingi vinne vya chuma, katika mpangilio uitwao Schlumberger: viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya kati husoma volti. Nimeichagua kwa sababu mashine yake ndiyo wapimaji wengi wa Kenya wanayo, na swali inalojibu ndilo mwenye shamba analouliza: nikichimba hapa nitakutana na nini, na kwa kina gani?

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Mashine ya kupima ukinzani wa ardhi, pamoja na betri iliyojaa na ya akiba.
- Vigingi vya chuma, angalau kumi. Vinne ni vya kazi ya kawaida. Vilivyobaki utavihitaji ukifika kwenye ardhi kavu au yenye mawe.
- Rili mbili za waya yenye ganda zima, kila moja mita 250, na waya mbili fupi za katikati.
- Tepu mbili za mita 100, nyundo nzito mbili, panga, jembe.
- Madumu mawili ya maji ya lita 20 na kilo mbili za chumvi ya kawaida.
- Karatasi za grafu za logi kwa pande zote mbili (mistari yake hupanda kwa kuzidisha: 1, 10, 100), penseli, kifutio, kikokotoo, daftari gumu.
- Simu yenye GPS, utepe wa umeme, koleo, na glavu za mpira.

Watu wawe wanne: mmoja kwenye mashine, mmoja kila mwisho wa laini, na mmoja wa kuandika na kusogeza vigingi vya kati. Watatu wanaweza, lakini mwandishi akiwa ndiye pia mpimaji, makosa ya daftari huongezeka.

Usibadilishe penseli kwa kalamu ya wino. Mvua ya huku haibishi hodi.

## Hatua ya 1: Ijue ardhi kabla ya kuipima

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na haigharimu kitu ila siku moja ya kutembea.

Anza na visima vilivyopo. Tembelea kila kisima ndani ya kilomita mbili hivi na uulize: kina chake, maji yalionekana wapi, yanapungua mwezi gani, yana ladha gani. Mchimbaji hutakiwa kuwasilisha rekodi ya kisima kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa hiyo nenda pia kwenye ofisi yao ya kanda: Kisumu kwa upande wa kusini wa ziwa, Kakamega kwa upande wa kaskazini, Nakuru kwa Bonde la Ufa. Rekodi moja ya udongo uliotoka kisimani, mita baada ya mita, ina thamani kuliko vipimo kumi vya kubahatisha.

Kisha tazama miamba. Seme na Maragoli utaona graniti imejitokeza juu, kama yale mawe makubwa ya Kit Mikayi. Uwanda wa Kano umejaa udongo na mchanga ulioletwa na mito na ziwa. Ukielekea Muhoroni na Kericho unakutana na lava. Nakuru ni lava, jivu la volkano na mashapo ya maziwa ya zamani, tabaka juu ya tabaka.

Waulize wazee pia. Wanajua mahali nyasi hubaki kijani mwezi wa Februari na chemchemi iliyokauka barabara ilipokatwa. Hayo si ushahidi wa kuchimbia, lakini ni sababu nzuri ya kupeleka mashine upande mmoja badala ya mwingine.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kuandika sentensi mbili daftarini kabla ya kuwasha mashine: mwamba wa hapa ni upi, na maji ya hapa hukaa wapi ndani yake.

## Hatua ya 2: Chagua kitovu na mwelekeo wa laini

Kitovu ni mahali utakapoweka mashine. Kipimo chote kinahusu ardhi iliyo chini ya hapo, kwa hiyo kiwe mahali mtambo wa kuchimba unaweza kufika, na mbali na vyoo. Umeme hautakuambia kama maji yamechafuliwa na choo cha jirani.

Sasa laini. Ili uone chini vya kutosha, vigingi vya nje lazima vienee. Nusu ya umbali kati ya vigingi vya nje tunaiita AB/2. Kina unachokiona ni kama theluthi moja hadi nusu ya hiyo. Kwa hiyo AB/2 ya mita 200 hukupa habari za mita 65 hadi 100 hivi kwenda chini, na laini yako itakuwa na urefu wa mita 400.

Mita 400 Vihiga ni mashamba ya watu saba au nane. Usikate laini kabla ya kuongea nao. Pita kwa mzee wa kijiji, mweleze, naye akupeleke kwa majirani. Nimewahi kusimamishwa katikati ya kazi na mama mmoja aliyeishika waya yetu mkononi na kuuliza, "Mwanangu, hii inapita kwa mahindi yangu ikienda wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulizima, tukakaa naye, tukamwonyesha. Alituruhusu, lakini tulipoteza saa nzima ya asubuhi, na waya ile ingekuwa na umeme angeumia.

Mambo ya kukwepa katika laini:

Ua wa seng'enge wenye nguzo za chuma na mabomba ya chuma yaliyofukiwa hubeba umeme wako na kuupeleka pembeni. Namba zitashuka na utadhani umepata tabaka laini. Ikiwa huna njia, laini iukate ua kwa pembe mraba, na usipigilie kigingi karibu nao. Nyaya za stima zilizo juu, na hasa waya wa ardhini wa transfoma, huleta kelele inayofanya namba zicheze.

Kwenye mteremko, laini ifuate ubavu wa kilima. Usiipandishe na kuiteremsha. Sababu ni kwamba hesabu tunayoitumia inadhani ardhi ni tambarare na tabaka zimelala, na kwenye mteremko tabaka hubadilika haraka ukipanda kuliko ukienda ubavuni.

Kwenye ardhi ya graniti, ukiwa na muda, tembeza kwanza vigingi vinne kwa nafasi isiyobadilika, kwa mfano AB/2 ya mita 50, ukisogeza kitovu mita 10 kila mara. Mahali namba inaposhuka ghafla kisha kupanda panaweza kuwa na ufa au bonde la mwamba uliooza. Hapo ndipo weka kitovu chako.

## Hatua ya 3: Pigilia vigingi hadi ardhi ivishike

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nusu ya karatasi mbovu ninazoletewa ziliharibikia hapa.

Umeme hauingii ardhini kwa sababu umepigilia chuma. Unaingia pale chuma kinapogusana na udongo wenye unyevu. Februari moja huko Seme tulikuwa na AB/2 ya mita 40 na mashine ilikuwa ikipitisha mkondo wa miliampea 4 tu. Namba ya ukinzani ilicheza: omu 0.15, kisha 0.34, kisha 0.22. Kijana aliyekuwa mwisho wa laini alisema kigingi kimeingia nusu mita, hakitikisiki. Nilimwendea. Kigingi kilikuwa kimesimama imara kweli, lakini ukikitazama karibu, kati ya chuma na udongo palikuwa na pete ya hewa nyembamba kama ukucha. Nyundo ilikuwa imelipanua tundu.

Tuling'oa, tukasogea kiganja kimoja, tukapigilia upya kwa mapigo mafupi. Tukamwaga maji yenye chumvi taratibu, tukakanyaga udongo kuzunguka chuma kwa kisigino. Miliampea zikapanda hadi 11. Tukaongeza vigingi viwili, kimoja kila upande wa laini, tukaviunganisha vyote vitatu kwa waya. Miliampea 38. Namba ikatulia: 0.212, 0.213, 0.212.

Fuata haya:

Vigingi vya nje, A na B, mwagia maji ya chumvi. Vya kati, M na N, mwagia maji matupu, na kidogo tu.

Kwenye nafasi fupi usizamishe sana. Hesabu inadhani kigingi ni nukta juu ya ardhi. AB/2 ikiwa mita 2.5, sentimita 10 zinatosha. Ukifika mita 50 na kuendelea, zamisha chuma chote.

Kwenye mawe, vigingi vitatu au vinne vilivyounganishwa hushinda kimoja kirefu. Vipange kukata laini, visiwe kuifuata, ili umbali usibadilike.

Utajua umefaulu mkondo ukipita makumi ya miliampea na ukinzani ukirudia namba ile ile mara tatu mfululizo kwa tofauti isiyozidi asilimia 3.

Tahadhari. Mashine hizi hutoa volti mia kadhaa. Mtu wa mwisho wa laini asiguse kigingi kabla hajasikia "Zima" kwa masikio yake na kujibu "Nimesikia". Watoto na ng'ombe waondolewe kwenye laini. Na kwa huku kwetu, Kakamega, Vihiga, Kisii na kando ya ziwa, radi za alasiri ni za kuogopwa kweli: waya ya mita 400 iliyolala shambani ni mwaliko kwa radi. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili saa sita uwe unakunja. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, chomoa waya kwenye mashine na mwondoke kwenye laini, hata kama kilichobaki ni kipimo kimoja.

## Hatua ya 4: Tafuta uvujaji wa waya

Waya iliyochubuka ikilala kwenye nyasi zenye umande huvujisha umeme karibu na kitovu, na mashine husoma kana kwamba umefupisha laini.

Jaribio lake ni rahisi. Mashine ikiwa imezimwa, chomoa waya kwenye kigingi A na uining'inize kwenye kijiti kikavu, isiguse kitu. Wote wasogee, kisha washa. Mkondo unapaswa kuwa sifuri. Ukipita hata kidogo, kuna mahali waya imechubuka: zima, tembea nayo ukiipitisha mkononi mwenye glavu, funga utepe. Fanya hivyo kwa B pia. Fanya asubuhi na ufanye tena ukifika mita 100.

## Hatua ya 5: Pima, ukipanua taratibu

Vigingi vinne viko kwenye mstari mmoja: A, M, N, B. Umeme unaingia A na kutoka B. Volti inasomwa kati ya M na N. M na N hubaki karibu na kitovu, A na B huenda mbali kwa pamoja, kila mmoja kwa umbali ule ule.

Nafasi za AB/2 kwa mita: 2.5, 3.2, 4, 5, 6.3, 8, 10, 13, 16, 20, 25, 32, 40, 50, 63, 80, 100, 130, 160, 200. Zinaonekana za ajabu, lakini zimepangwa hivyo ili nukta zikae kwa nafasi sawa kwenye karatasi ya logi. Ukitumia 10, 20, 30, 40 utakuwa na nukta chache mahali pa muhimu na nyingi mahali pasipo na haja.

Anza na MN, yaani umbali kati ya M na N, ya mita 1. Kila ukipanua, volti kati ya M na N inapungua, mpaka inakaribia kelele ya ardhi yenyewe. Hapo ndipo unapanua MN. Kanuni: MN isizidi moja ya tano ya AB yote. Kwa hiyo:

MN ya mita 1 kutoka 2.5 hadi 32. MN ya mita 10 kutoka 25 hadi 130. MN ya mita 40 kutoka 100 hadi 200.

Angalia vizuri: 25, 32, 100 na 130 zinapimwa mara mbili, kila moja kwa MN mbili tofauti. Wengi huruka kurudia huku ili kuokoa dakika kumi, kisha jioni hawawezi kuunganisha vipande vya mchoro wao. Usiruke.

Kwa kila kipimo andika: saa, AB/2, MN, mkondo, ukinzani, na neno moja kuhusu hali. "Mawe." "Karibu na bomba." "Kigingi B kimeongezewa maji." Miezi sita baadaye neno hilo ndilo litakalokueleza nukta iliyoruka.

Ukiona namba hasi, simama. Ama umebadilisha waya mbili, ama kuna uvujaji, ama volti ni ndogo mno. Usiifute alama ya kutoa na kuendelea kana kwamba haikuwepo. Nimeona hilo kwenye karatasi tatu.

## Hatua ya 6: Piga hesabu na uchore hapo hapo shambani

Mashine inakupa ukinzani kwa omu. Unachokitaka ni ukinzani mahususi unaoonekana, kwa omu-mita. Zidisha ukinzani kwa K, na K hupatikana hivi:

K = π × [(AB/2)² − (MN/2)²] ÷ MN

Mfano: AB/2 ni 25, MN ni 1. K = 3.1416 × (625 − 0.25) ÷ 1 = 1962.7. Mashine ikisoma omu 0.0321, jibu ni omu-mita 63. Sasa panua MN hadi 10: K = 3.1416 × (625 − 25) ÷ 10 = 188.5. Mashine ikisoma 0.345, jibu ni 65. Namba mbili za mahali pamoja, 63 na 65: unaweza kuendelea kwa moyo mweupe. Zingekuwa 63 na 110, kuna kitu chini ya M au N, jiwe au bomba, au kigingi kimoja hakijashika. Tatueni hilo kabla ya kwenda mbele.

Andaa K zote nyumbani na uzibandike ndani ya jalada la daftari. Hesabu ya papo kwa papo chini ya jua huzaa makosa.

Kisha weka nukta kwenye karatasi ya logi, AB/2 kwenda kulia, omu-mita kwenda juu. Weka kila nukta mara tu unapoipata, wakati vigingi bado viko ardhini. Ukisubiri jioni, nukta mbovu utaiona ukiwa nyumbani na laini imeshakunjwa.

Vitu viwili vya kukagua kwenye mchoro. Kwanza, upinde taratibu, bila nukta moja inayoruka peke yake. Ikiruka, rudia kipimo. Pili, na hili wengi hawakufundishwa: kwenye karatasi ya logi, kwa ardhi yenye tabaka zilizolala, mchoro hauwezi kupanda kwa zaidi ya nyuzi 45. Hata kama chini kuna mwamba usiopitisha umeme kabisa. Ukipanda wima zaidi ya hapo, ardhi haisemi hivyo. Kuna uvujaji, au ukuta wa mwamba pembeni, au umeandika AB/2 isiyo sahihi.

Utajua umefaulu ikiwa unaondoka shambani na mchoro usio na nukta ambayo huwezi kuieleza.

## Hatua ya 7: Fasiri kwa ardhi ya mahali hapo

Hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Mchoro mmoja unasomwa tofauti katika sehemu tatu.

Graniti: Seme, Maseno, Maragoli. Mchoro wa kawaida huanza juu, ukashuka, kisha ukapanda. Juu ni udongo mkavu na changarawe nyekundu. Katikati ni mwamba uliooza, mara nyingi kati ya omu-mita 20 na 150. Chini ni graniti nzima, inayopita omu-mita 1,000. Maji yako kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa zilizo juu ya graniti nzima. Unachotafuta ni kishimo kipana, yaani tabaka nene lililooza. Mchoro ukigeuka na kupanda kwa nyuzi 45 kamili mapema, kwa mfano kwenye AB/2 ya mita 16, mwamba mzima uko karibu na hapo si mahali. Ukipanda kwa uvivu, ukijipinda njiani, kuna matumaini ya nyufa. Na kishimo kikiwa chini ya omu-mita 15, shuku: mwamba umeoza hadi kuwa mfinyanzi, na mfinyanzi hunywa maji bila kuyaachilia.

Uwanda wa Kano: Ahero na kando ya Nyando. Hapa geuza akili yako. Ardhi yote ni mfinyanzi na namba zote ni ndogo. Maji mazuri yako kwenye mchanga na changarawe za mito ya zamani, ambazo ukinzani wake ni *mkubwa* kuliko wa mfinyanzi unaozizunguka. Unatafuta nundu, siyo shimo.

Nililipia somo hili. Nikiwa bado msaidizi, tulipima vituo vitatu kwenye shule moja ya Kano, na timu nzima tukakubaliana kuchagua kile chenye namba ndogo kuliko zote, omu-mita 6. Mtambo ulishusha bomba mita 60, na kilichotoka muda wote kilikuwa ute wa kijivu uliong'ang'ania kwenye koleo. Kituo kingine, umbali wa kutembea dakika mbili, mchoro wake ulikuwa na nundu ndogo iliyofika omu-mita 35. Tuliipita kwa sababu "namba yake ni kubwa". Wazazi wa shule ile walikuwa wamechanga fedha hizo kwa mihula mitatu. Bado nawaza habari hiyo kila ninapoenda Kano.

Namba chini ya omu-mita 5 hapo inaweza pia kuwa maji ya chumvi. Onja maji ya visima vya jirani kabla ya kuamua.

Nakuru: Njoro, Rongai, Bahati. Maji hukaa kati ya lava moja na nyingine, kwenye jivu na mashapo ya zamani, na visima mara nyingi hupita mita 100. AB/2 ya 200 haitoshi. Jiandae kufika 320 au 500, na rili ndefu zaidi. Namba ndogo huku ina maana nyingi: jivu lililogeuka mfinyanzi, maji yenye magadi kuelekea Ziwa Nakuru na Elmenteita, au joto. Miamba iliyochemshwa na mvuke hugeuka mfinyanzi unaopitisha umeme vizuri, na wataalamu wa jotoardhi huitafuta tabaka hiyo kwa makusudi. Wewe mchimba kisima, ikwepe.

Tena Nakuru kuna floridi. Meno ya kahawia ya watoto wa sehemu nyingi za kaunti hiyo yametokana na maji ya visima. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na hakuna kipimo cha umeme kitakachokuonyesha. Uliza majirani, pima maji yao, na uweke kwenye bajeti kichujio cha makaa ya mifupa, ambacho Nakuru wamekitumia kwa miaka mingi.

Jambo la mwisho katika kufasiri. Tabaka la mita 10 lenye omu-mita 20 na tabaka la mita 20 lenye omu-mita 40, likiwa limebanwa kati ya tabaka ngumu, huchora mchoro ambao ni karibu ule ule. Programu ya kompyuta itakupa jibu moja kwa ujasiri mkubwa, lakini majibu mengine yanatoshea vile vile. Ndiyo maana rekodi ya kisima cha jirani ni dhahabu: ukipima kwanza kando ya kisima ambacho udongo wake unajulikana, unajua omu-mita ngapi za hapo ni mfinyanzi na ngapi ni mchanga. Bila hiyo, andika kina kwa masafa, "kati ya mita 30 na 45", na umweleze mwenye kisima kwa nini.

## Hatua ya 8: Ripoti, kibali na kuchimba

Unaweza kujifunza kupima mwenyewe, na kamati yenye mtu anayeelewa mambo haya haidanganywi kirahisi. Lakini kisheria, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kisima kirefu hakichimbwi bila idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ripoti inayoambatishwa lazima itiwe sahihi na mtaalamu aliyesajiliwa. Masuala ya mazingira hupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mpelekee mtaalamu daftari lako lote pamoja na michoro, na umwombe aje kitovuni. Asiyetaka kufika shambani, tafuta mwingine.

Ripoti itaje vituo viwili kwa mpangilio wa kupendelewa, kina cha kutarajiwa, na kina cha kukomea: mtambo ukifika mita kadhaa bila maji, wasiendelee bila kuulizana. Kiandikwe kwenye mkataba wa mchimbaji, kwa sababu yeye hulipwa kwa mita.

Siku ya kuchimba, awepo mtu wa kamati karibu na mtambo kutoka asubuhi hadi jioni. Kila mita mbili achukue kiganja cha udongo unaotoka, aupange kwa safu kwenye gunia, na kuandika kina kwenye kipande cha karatasi kando yake. Maji yakipatikana, yafanyiwe jaribio la pampu la saa 24, sampuli ipelekwe maabara, kisha safu ile ya udongo iwekwe kando ya mchoro wako wa omu-mita na kunakiliwa daftarini, tabaka kwa tabaka, pamoja na kina ambacho ulikikosea.